Bastola ya upepo ya mashindano: ya bei nafuu au ya bingwa, ipi inunuliwe kwanza?

Wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, picha moja ilizunguka kwenye simu za watu dunia nzima. Ilimwonyesha Yusuf Dikeç wa Uturuki, mwanamume wa miaka 51, amesimama mkono mmoja mfukoni, amevaa miwani ya kawaida, analenga shabaha kwa bastola. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walipata medali ya fedha katika timu za mseto za bastola ya upepo ya mita 10. Wengi walitania kwamba alifika bila vifaa vyovyote akawashinda waliojaa vifaa.

Utani ule ulikuwa na ukweli nusu. Dikeç hakutumia miwani maalumu wala kizuizi cha jicho kama washindani wengine. Lakini bastola aliyoshika ilikuwa bastola kamili ya mashindano, iliyopimwa na waamuzi kwa kanuni zilezile za kila mshindani. Hapo ndipo linapozuka swali la makala hii: je, bastola ya bei kubwa ndiyo inayomfikisha mtu huko? Na mzazi ambaye mtoto wake ameanza mchezo huu anunue ipi: ya mwanzo, au akope anunue ya bingwa?

Swali ni zito kwa sababu ya fedha. Barani Ulaya, bastola ya kiwango cha juu huuzwa kati ya euro 1,500 na zaidi ya 2,000. Ya kuanzia inaweza kupatikana kwa chini ya euro 300. Kwa familia ya mkulima, tofauti hiyo ni ng'ombe kadhaa.

Mchezo wenyewe ukoje?

Mlenga shabaha husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha. Hushika bastola kwa mkono mmoja tu, bila kuegemea chochote. Katika mchujo hupiga risasi 60 ndani ya dakika 75, na kila risasi hupata alama hadi 10. Kwa hiyo alama zote zikikamilika ni 600. Katika mashindano ya mtu mmojammoja ya Olimpiki, washindani 8 bora huingia fainali.

Duara la alama 10 lina upana wa milimita 11.5, kama kifungo cha shati. Ukisimama hatua kumi na kidogo kutoka kwenye ukuta, kifungo hicho hukioni vizuri. Unachokiona ni doa jeusi lenye upana wa karibu sentimita 6, na kifungo kimejificha katikati yake.

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISSF, limeweka mipaka ya chombo. Bastola iwe ya kipenyo cha milimita 4.5. Uzito wake usizidi gramu 1,500. Iingie yote ndani ya sanduku la milimita 420 kwa 200 kwa 50. Na triga isiwe nyepesi mno: lazima iweze kubeba uzito wa gramu 500 bila kufyatuka.

Angalia jambo moja katika kanuni hizo. Hakuna kanuni inayosema bastola iwe ya bei fulani au ya kampuni fulani. Bastola ya bei nafuu ikitimiza vipimo hivyo, inaruhusiwa kusimama mstari mmoja na ile ya bingwa.

Kwa nini tutazame vijiji vya India?

Nchi nyingi zina mchezo huu, lakini India ina jambo la kuwafaa wasikilizaji wa vijijini. Huko bastola ya upepo imetoka kwenye klabu za mijini ikaingia katika vijiji vya wakulima, hasa katika majimbo ya Haryana na Uttar Pradesh.

Saurabh Chaudhary ni mtoto wa mkulima kutoka kijiji cha Kalina, wilaya ya Meerut. Mwaka 2018, akiwa na miaka 16, alishinda dhahabu ya bastola ya upepo katika Michezo ya Asia. Sarabjot Singh, naye mtoto wa mkulima kutoka Haryana, alipata shaba Paris 2024 akiwa pamoja na Manu Bhaker, ambaye kijiji chake ni Goria, wilaya ya Jhajjar. Katika kijiji cha Johri, bibi mmoja, Chandro Tomar, alianza kulenga shabaha mwaka 1999 akiwa na zaidi ya miaka 60, baada ya kumsindikiza mjukuu wake mazoezini. Aliendelea kushindana na kufundisha wasichana wa kijijini hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2021.

Familia kama hizo hukutana na swali letu kila msimu. Mtoto ameonyesha kipaji, klabu ina bastola chache za kupokezana, na kuna mtu anasema bila bastola ya Ulaya mtoto hafiki popote. Je, ni kweli?

Aina za bastola na jinsi upepo unavyosukuma

Kabla ya kulinganisha bei, ni vizuri kujua bastola hizi zinafanyaje kazi. Hazina baruti. Hewa iliyobanwa husukuma kipande kidogo cha madini ya risasi chenye uzito wa karibu nusu gramu, kikatoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 150 kwa sekunde.

Kundi la kwanza ni bastola za springi na zile za mitungi midogo ya gesi ya kaboni zinazouzwa kwa ajili ya kujifurahisha. Nyingi zina triga nzito na vilengeo visivyo imara. Za springi hurusharusha mkono kabla risasi haijatoka. Hizi si za mashindano, hata kama sanduku lake lina picha ya medali. Ukiambiwa ni za kuanzia, jibu ni kwamba mtoto ataanza kujifunza makosa.

Kundi la pili ni za pampu ya mkupuo mmoja. Unafungua mkono wa chuma uliopo kwenye bastola, unaufunga, na hewa ya risasi moja imebanwa. Kila risasi hupata hewa kiasi kilekile, kwa hiyo kasi haibadiliki sana. Mifano inayojulikana ni Gamo Compact ya Hispania, Weihrauch HW40 ya Ujerumani na Baikal IZH-46M kutoka Izhevsk, Urusi. Hii ndiyo bastola ya mwanzo hasa. Haihitaji mtungi wala kompresa. Ubaya wake ni kazi: kupampu mara 60 pamoja na risasi za majaribio huchosha mkono uleule unaotakiwa kutulia. IZH-46M ni nzito pia, zaidi ya kilo moja na robo, na kijana mwembamba wa miaka 13 ataisikia begani.

Kundi la tatu ni za mtungi wa hewa iliyobanwa tayari. Mtungi mwembamba umefungwa chini ya mtutu na hujazwa hadi shinikizo la bar 200. Ukijaa, hutosha risasi zaidi ya mia moja. Hapa ndipo walipo mabingwa: Steyr ya Austria, Morini ya Uswisi, Pardini ya Italia, Walther na Feinwerkbau za Ujerumani. Lakini ndani ya kundi hilihili kuna ngazi. Steyr, kwa mfano, imeuza aina ya LP2 iliyo rahisi zaidi, pamoja na zile za juu kama LP10 na EVO 10. Kwa hiyo kusema "ya mtungi" bado si kusema "ya bingwa".

Robo ya milimita

Sasa tufike kwenye kiini. Kwa nini risasi hukosa kifungo cha shati?

Mkono wa binadamu hautulii. Hata wa bingwa hutikisika. Lakini kuna kutikisika kwa aina mbili, na athari zake hazifanani.

Aina ya kwanza ni mkono mzima kusogea pembeni huku vilengeo vya mbele na vya nyuma vikibaki vimelingana. Mkono ukisogea milimita 5, risasi nayo itasogea milimita 5 kwenye shabaha. Bado unaweza kupata 10.

Aina ya pili ni kifundo cha mkono kupinda kidogo, kilengeo cha mbele kikatoka katikati ya mwanya wa kilengeo cha nyuma. Umbali kati ya vilengeo hivyo viwili ni kama sentimita 33, na shabaha iko mita 10. Yaani umbali wa shabaha ni karibu mara 30 ya ule. Basi kilengeo kikikosea milimita 1, risasi itakosea karibu sentimita 3. Ukipiga hesabu, kosa linaloruhusiwa ili upate 10 ni kama robo ya milimita tu. Hiyo ni unene wa karatasi mbili au tatu zilizobandikwa pamoja.

Kinachopindisha kifundo ni nini? Mara nyingi ni vitu viwili: kishikio kisichoukaa mkono, na triga inayovutwa kwa nguvu. Ukivuta triga nzito, kidole hakiendi peke yake. Vidole vingine hukaza pamoja nacho, na robo ile ya milimita imekwisha kupotea.

Kwa hiyo unapochagua bastola, swali la kwanza lisiwe "inapiga mbali kiasi gani?" wala "imetengenezwa wapi?" Uliza hivi: je, inakaa mkononi mwa mtu huyu? Na je, triga yake inafyatuka bila kuusumbua mkono?

Bastola ya bei kubwa unailipia nini?

Wengi hudhani wanalipia mtutu unaopiga sawasawa zaidi. Kwa sehemu ni kweli, lakini ni sehemu ndogo. Bastola nzuri ya mwanzo iliyotengenezwa kwa mashindano, ikibanwa kwenye jiriwa na kupigwa mita 10, huweza kuzipanga risasi zake ndani ya duara la 10. Ya bingwa huzipanga zikaribiane zaidi. Lakini mikononi mwa mtu anayepata 7 na 8, tofauti hiyo haionekani kabisa.

Fedha zako zinakwenda kwenye mambo mengine.

La kwanza ni triga. Ya bingwa hurekebishwa kila upande: uzito, urefu wa mvuto, mahali kidole kinapokaa. Baadhi hutumia umeme wa betri, na mfyatuko wake ni sawa leo na kesho.

La pili ni kishikio. Huja kwa vipimo mbalimbali vya mkono, wa kulia na wa kushoto, na huweza kuzungushwa na kuinamishwa.

La tatu ni utulivu wakati wa kufyatua. Baadhi zina kizito kidogo ndani kinachosogea kupunguza msukumo, ili bastola isiruke.

La nne ni mizani. Unaweza kuongeza au kupunguza vipande vya uzito hadi bastola itulie mbele kama unavyotaka.

La tano ni uimara wa muda mrefu na upatikanaji wa vipuri. Bastola inayopigwa maelfu ya risasi kwa mwaka huhitaji mipira yake ya kuzuia hewa ibadilishwe. Kampuni kubwa huuza vipuri hivyo kwa miaka mingi. Kwa bastola za Urusi mambo ni magumu zaidi, kwani vikwazo vya biashara vimezifanya ziwe adimu katika masoko ya Ulaya na Marekani.

Haya yote yana thamani ya kweli. Lakini mengi yake ni marekebisho, na marekebisho yanamfaa mtu anayejua anachotaka kurekebisha. Anayeanza bado hajui. Mwili wake haujapata mkao mmoja. Leo anasimama hivi, mwezi ujao kocha atamgeuza. Akipewa bastola yenye skrubu kumi, atazungusha skrubu kila anapokosa, na hatajua kosa lilikuwa la mkono au la skrubu.

Ni lini bastola inakuwa kikwazo?

Kuna njia rahisi ya kujua, na haigharimu kitu. Mpe kocha au mchezaji mzoefu wa klabu bastola hiyohiyo, apige risasi 20. Akipata wastani wa 9 na nusu, bastola haina kosa. Mtoto anayepata wastani wa 8 kwa chombo hicho ana alama nyingi za kuokota kwenye mazoezi kabla ya kuzitafuta dukani.

Tuitazame kwa hesabu. Wastani wa 8 kwa risasi 60 ni alama 480. Wastani wa 9 na nusu ni 570. Kati ya hapo kuna alama 90, na karibu zote zinatokana na mkao, pumzi, macho na kidole. Bastola mpya haitaleta alama 90.

Lakini ukifika juu, hesabu hubadilika. Katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, Manu Bhaker alipata 575 akakosa fainali kwa alama 2. Siku hiyo bastola yake ilipata hitilafu katikati ya mchujo, akapoteza dakika nyingi ikitengenezwa, kisha ikabidi apige zilizobaki kwa haraka. Miaka mitatu baadaye, Paris, alipata shaba ya bastola ya upepo, kisha ya pili pamoja na Sarabjot Singh.

Kisa chake kina mafunzo mawili. Katika ngazi hiyo, kila alama ina thamani, na chombo bora kina nafasi yake. Na pia chombo ghali huharibika kama chombo kingine chochote. Bila matengenezo, bei yake haimlindi mtu.

Tokyo hiyohiyo, Saurabh Chaudhary aliongoza mchujo kwa alama 586. Katika fainali alimaliza wa 7. Bastola ilikuwa imekwisha kuthibitisha uwezo wake kwenye mchujo. Fainali ni jambo jingine, na hakuna duka linalouza utulivu wa fainali.

Vipimo unavyoweza kufanya mwenyewe kabla ya kununua

Cha kwanza ni cha kishikio. Hakikisha bastola haina risasi na imeelekezwa sehemu salama. Mwambie mtoto aishike, anyooshe mkono kuelekea ukutani, afumbe macho, apumue mara mbili, kisha afumbue. Kilengeo cha mbele kiwe katikati ya mwanya wa kile cha nyuma bila yeye kukisogeza. Kikiwa kimeelekea kushoto au kulia kila mara, kishikio hakimfai.

Kishikio kisichofaa si lazima kikukimbize dukani. Vingi ni vya mbao. Fundi seremala mwenye tupa na msasa anaweza kupunguza panapobana, na kujaza panapopwaya kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Kata kidogo kidogo, jaribu, kata tena. Usiongeze chochote kinachofunga kifundo cha mkono, maana kanuni zinakataza. Walenga shabaha wa ngazi ya juu nao hutumia tupa kwenye vishikio vya bei kubwa.

Cha pili ni cha triga. Bastola ikiwa haina risasi lakini imetegwa, elekeza mtutu juu wima. Ning'iniza kwenye triga chupa ya plastiki yenye nusu lita ya maji kwa kamba, kisha inyanyue polepole. Uzito wake ni zaidi kidogo ya gramu 500. Triga ya mashindano iliyorekebishwa vizuri iko karibu na uzito huo. Ikihitaji chupa mbili au tatu kabla haijafyatuka, hiyo ni nzito mno kwa mchezo huu, isipokuwa kama ina skrubu ya kuipunguza.

Cha tatu ni swali kwa muuzaji: je, inaweza kufyatuliwa bila risasi na bila hewa, kwa mazoezi, pasipo kuharibika? Bastola nyingi za mashindano, pamoja na IZH-46M, zina uwezo huo. Usilipuuze jambo hili. Sehemu kubwa ya mazoezi ya mchezo huu hufanyika hivyo: mtu anasimama mbele ya ukuta mtupu, anatazama vilengeo tu, anafyatua taratibu. Ni bure, na humfundisha kidole kuliko risasi elfu.

Hewa, mtungi na mtumba

Bastola ya mtungi inahitaji mahali pa kujazia. Kompresa ya fundi wa tairi haifai, kwani hutoa bar 10 au karibu na hapo, na mtungi unataka bar 200. Kuna pampu maalumu za mkono zinazofika shinikizo hilo. Kuna pia mitungi mikubwa ya wapiga mbizi ambayo klabu hununua ikajazia bastola zote. Kama hakuna kimojawapo karibu nawe, bastola ya pampu ya mkupuo mmoja itakutumikia vizuri zaidi kuliko ya bei kubwa iliyolala bila hewa.

Onyo moja, na tunaliandika kwa uzito wake: usijaze mtungi wa bastola kwa oksijeni ya hospitali wala ya mafundi wa kuchomelea. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na grisi huweza kulipuka mkononi. Hewa ya kawaida, kavu, basi.

Mtumba nao ni njia nzuri, mradi uangalie tarehe. Mtungi wa hewa una tarehe iliyogongwa juu yake, na muda wake wa matumizi kwenye mashindano ni miaka 10 tangu kutengenezwa. Ukipita, mchezaji atazuiwa kuutumia. Muuzaji anaweza kukuuzia bastola ya bingwa kwa nusu bei, kumbe mtungi wake umebakiza miezi minne. Uliza kwanza bei ya mtungi mpya, uijumlishe, ndipo uamue kama ni nafuu.

Sheria na usalama

Nchini Ujerumani, mtu mzima anaweza kununua bastola ya upepo isiyozidi nguvu ya jouli 7.5 bila leseni, mradi ina alama ya herufi F. Bastola za mashindano ziko chini ya kiwango hicho. Usichukulie kwamba ni hivyo kila mahali. Katika nchi zetu sheria za silaha ni kali, na kitu kinachoitwa cha michezo Ulaya kinaweza kukamatwa bandarini au kukufikisha mahakamani. Kabla ya kutuma hata shilingi moja kwa muuzaji wa mtandaoni, nenda polisi, ofisi inayoshughulikia leseni za silaha, uulize kuhusu bastola ya upepo. Pata jibu la maandishi. Njia iliyo salama ni kupitia klabu au chama cha mchezo huo kinachotambuliwa.

Na isiitwe mchezo wa watoto kwa sababu haina baruti. Risasi ya nusu gramu kwa kasi ile hutoboa jicho. Kila bastola ichukuliwe kuwa ina risasi. Kidole kiwe nje ya triga hadi wakati wa kulenga. Kwenye uwanja wa mashindano, kamba yenye rangi kali hupitishwa mtutuni kuonyesha kwamba ni tupu. Ifanye iwe desturi nyumbani pia. Ihifadhiwe kwenye sanduku lenye kufuli na isafirishwe ndani ya sanduku. Kijana anayetembea barabarani na bastola mkononi anaweza kudhaniwa jambazi, na aliye na silaha ya kweli hatasubiri maelezo. Mikono ioshwe baada ya mazoezi, kwani madini ya risasi ni sumu.

Basi fedha zigawanywe vipi?

Kama klabu ina bastola za kuazima, mtoto atumie hizo kwa mwaka wa kwanza. Hakuna ununuzi ulio nafuu kuliko huo.

Kama lazima ununue, chukua ya mwanzo iliyotengenezwa kwa mashindano: yenye triga ya kurekebishwa, kishikio cha mbao kinachochongeka, na uwezo wa kufyatuliwa bila risasi. Kwa kijana mdogo, uzito mwepesi ni muhimu kuliko jina. Kampuni kadhaa hutengeneza aina fupi na nyepesi kwa ajili yao.

Fedha iliyobaki iweke kwenye risasi, karatasi za shabaha, nauli na kocha. Mchezaji anayepiga risasi 60 kwa siku nne za wiki hutumia 240 kwa wiki, yaani makopo mawili ya 500 kwa mwezi. Ukinunua bastola ya bingwa ukakosa hela ya makopo, umenunua pambo.

Bastola ya juu inunuliwe mambo matatu yakitimia kwa pamoja: alama zimekaa juu kwa miezi kadhaa bila kupanda tena, kocha ameipiga bastola ya zamani na kuthibitisha kwamba sasa ndiyo inayozuia, na kuna mahali pa kuijazia hewa na kuitengeneza. Likikosekana moja, subiri. Bastola hizi hazipotezi thamani haraka, na dukani zitakuwepo hata mwaka kesho. Kinachoanza leo, bila kusubiri mfuko ujae, ni mazoezi ya kila jioni mbele ya ukuta mtupu.